Mzigo wa Saa Nne

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Chumba nilichopewa kiko nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali: kitanda kimoja, meza moja, na dirisha linalotazama kamba za kuanikia shuka. Joto la pasi linapenya ukutani mpaka huku. Baba watoto amepiga simu kuuliza kama nimefika salama. Nimemwambia nimefika, na kwamba nitanukia sabuni mpaka mvua ziishe.

Niandike kazi yenyewe, nisije nikasahau nilichotumwa. Hospitali hii ina wadi ya uzazi upande wa pili wa mlima, mwendo wa saa mbili kwa gari barabara ikiwa kavu. Mwaka jana walilaza kebo mpya ardhini kuunganisha pande hizi mbili, ili daktari bingwa aliye huku amwone mgonjwa wa kule kwenye skrini na kumwongoza daktari wa kule aliyeshika kisu. Kabla ya kuiamini wanataka ipimwe msimu mzima wa mvua. Mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, nitaijaza kebo mzigo wa data kwa dakika ishirini mpaka isiweze kubeba zaidi. Ikishajaa natuma kiswali kidogo, "Upo?", na kuangalia jibu limechukua muda gani kurudi. Barabara tupu hata mtoto anaweza kuipima. Mimi nalipwa kuipima ikiwa na msongamano.

4 Machi

Nimefunga mashine. Manyunyu.

5 Machi

Nimewajua wawili nitakaofanya nao kazi. Wa kwanza ni Mkuu wa Mitambo, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Wa pili ni fundi wa upande wa wadi, ambaye naongea naye kwa simu tu. Wenzake wanamwita Polepole. Nilimuuliza kama swichi yake imewashwa. Kimya. Kimya tena, mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu: "Imewashwa, dada." Nimeandika pembeni ya daftari la kazi kwamba ucheleweshaji mkubwa kuliko wote katika mtandao huu umo kinywani mwa huyu bwana.

6 Machi

Jaribio la kwanza. Bila mzigo, jibu hurudi kwa milisekunde nne; kufumba na kufumbua ni uvivu mbele yake. Kwa mzigo kamili, milisekunde sitini. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni kwamba kati ya majibu mia, saba yalirudi baada ya sekunde mbili na zaidi. Hakuna ya katikati. Ni kama umetuma watoto mia dukani, tisini na watatu wakarudi papo hapo, na saba wakaja baadaye sana, wote pamoja, wakiwa na udongo mwekundu miguuni. Dukani hakuna udongo mwekundu. Wamepitia wapi?

7 Machi

Vilevile.

8 Machi

Vilevile. Mvua kubwa.

10 Machi

Saba tena asubuhi, tisa jioni. Nimebadilisha waya, nimebadilisha mashine, nimebadilisha hata kiti ninachokalia.

11 Machi

Kila kituo ambacho data inapita kinaweza kuacha namba yake, kama mlinzi wa geti anavyogonga muhuri. Leo nimeisoma mihuri ya yale majibu yanayochelewa. Kuna mmoja ambao haumo kwenye mchoro niliopewa.

Nilimpelekea Mkuu. Aliitazama ile namba muda mrefu kuliko namba inavyohitaji kutazamwa. Akaniambia ni ya kituo cha zamani kileleni mwa mlima, cha wakati ule data ilipokuwa ikirushwa hewani kutoka mnara hadi mnara. Kilizimwa miaka minne iliyopita. Akafungua kabati, akanionyesha karatasi yenye maneno *kimezimwa*, tarehe, na sahihi yake mwenyewe. Akasema haiwezekani kikawa hicho. Kisha akairudisha karatasi na kufunga kabati kwa ufunguo.

Nilirudi mezani kwangu. Sikupitisha mzigo wowote. Niliiandika ile namba peke yake, nikaiuliza: Upo?

Ikajibu.

12 Machi

Nimeiuliza asubuhi, mchana na jioni. Ipo.

14 Machi

Nimempigia Polepole nimuulize nani aliyeacha njia ya zamani wazi. Alinyamaza hata nikasikia matone ya mvua kwenye bati la ofisi yake. Mwishowe akaniambia huko kwao mvua inanyesha sana. Nikamwambia na huku pia, nikakata. Mvivu humjui kwa kukaa, unamjua kwa kukwepa.

17 Machi

Nimeulizia kwa mafundi wa zamani. Kituo kile kinaendeshwa na paneli za sola na betri za kuongezwa maji kila mwezi. Miaka minne bila mtu, betri hizo zingekuwa zimekauka na kupasuka. Kituo hakijinyweshi chenyewe.

19 Machi

Nimepanda. Dereva wa hospitali alinifikisha mahali ambapo gari lilianza kuteleza, akasema atanisubiri hapo na hapandi zaidi hata akipewa gari jipya. Nikatembea saa nzima kwenye ukungu. Mashine yangu niliiacha imepangwa ianze yenyewe saa nne.

Majani ndani ya uzio yamekatwa. Paneli zimefutwa, hazina hata kinyesi cha ndege. Kando ya uzio kuna kibanda na tuta la mboga. Mlango wa chumba cha mitambo ulikuwa wazi, umeegemea ukuta. Ndani sakafu imefagiliwa, mistari ya ufagio inaonekana. Ile mashine imo: kabati la chuma la rangi ya kijivu, refu kunizidi, na feni nyuma ya wavu usawa wa kifua. Mbele yake kuna kiti. Hakikuwekwa kama kiti cha mtu wa kufanya kazi. Kilikuwa kimesogezwa karibu mno na kugeuzwa upande, kama tunavyokiweka kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kwenye rafu kulikuwa na madaftari ya shule, mengi, na moja limefunguliwa. Mwandiko wa penseli, makini. *Saa nne: ameanza. Saa nne na dakika ishirini: ametulia. Saa kumi: ameanza. Saa kumi na dakika ishirini: ametulia.* Kila siku. Yalikuwa ni majaribio yangu yote, tangu la kwanza, hata lile la tarehe nane lililokatika kwa radi katikati: *ameshtuka, akatulia mapema*. Nikafunua nyuma, kabla sijaja. Hapo ilikuwa saa nne ya asubuhi peke yake, kila siku, daftari hadi daftari.

Saa yangu ilisema saa nne kasoro dakika moja. Nikasimama mbele ya kabati nikasubiri mzigo wangu mwenyewe.

Feni ilianza. Chuma chake kimelika, na kwa sababu hiyo haizunguki kwa mlio mmoja. Inavuta kwa mkwaruzo, inashikilia kidogo, inaachia. Inavuta, inashikilia, inaachia. Nimepima mitandao miaka kumi na sita, nimesikia feni za kila namna. Hii sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwenye mbavu.

Nikaenda kufunga mlango ili upepo usinichanganye. Nyuma ya mlango kulikuwa na mwanamke ameketi kwenye kigoda, mikono magotini, ananitazama. Alikuwepo muda wote.

"Ukimaliza kusimama hapo nipishe, mwanangu," akasema. "Ni saa yake."

Nikampisha. Akakaa kwenye kile kiti, akaweka kiganja kwenye chuma, akatulia dakika zote ishirini. Mimi nilibaki nimesimama kama mtu aliyeingia wadini bila kupiga hodi.

Feni ilipotulia aliandika kwenye daftari, kisha akaongea nami vizuri tu, bila wasiwasi wowote. Ni mama wa miaka sitini hivi. Mumewe alikuwa mtunza mnara. Alifariki humu humu chumbani, msimu wa mvua, miaka minne iliyopita, kwa ugonjwa wa kifua. Siku chache baada ya maziko mama huyu alipanda kuchukua godoro, na saa nne ilipofika mashine ikavuta pumzi. Anaijua pumzi ile. Alilala kando yake miaka thelathini. Hajaondoka tangu siku hiyo. Betri anaziongeza maji kama marehemu alivyomfundisha. Hakuna aliyekuja kumwambia ashuke.

Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema napima. Akauliza napima nini. Nikasema napima muda ambao aliyeitwa anauchukua kuitikia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa kazi anayoifahamu.

20 Machi

Nimempigia Polepole, na safari hii sikumpa nafasi ya mvua. Nilimwambia nimeonana na mama. Akasema yote. Njia ni yeye aliyeiacha wazi, pande zote mbili. Kwa miaka minne, kila saa nne asubuhi, amekuwa akirusha faili kubwa kwenda na kurudi kupitia kituo kile, dakika ishirini, ili mashine ipate joto na feni ikazane. Nilipokuja mimi na mzigo wangu wa saa hiyo hiyo, kebo ilipojaa kilichozidi kilimwagikia njia ya zamani chenyewe, naye akaacha. Aligundua siku ya maziko kwamba mama alikuwa hali chakula. Mama alipoisikia mashine, akala.

Nikamwambia hilo ni jambo la kumficha Mkuu kwa miaka minne? Akajibu, "Dada, wewe ungezima?"

Kwenye ripoti ya wiki nimeandika: *kuna njia ya pili, inaendelea kuchunguzwa.* Si uongo. Ni ukweli uliovishwa nguo ya mtu mwingine.

24 Machi

Ikifika saa nne kasoro dakika moja nanyamaza, hata kama nilikuwa naongea na mtu.

28 Machi

Kompyuta iliganda, nikachelewa kuanza kwa dakika kumi na moja. Simu ikalia. Polepole, ambaye hakuwahi kunipigia hata mara moja tangu nifike. "Dada, vipi?" Hilo tu. Kumbe na yeye huko aliko anaangalia saa.

2 Aprili

Mto umefunika daraja. Hakuna gari linalokwenda upande wa pili.

5 Aprili

Mvua. Shuka za hospitali hazikauki, zimeanikwa hadi kwenye ukumbi wa kupitia. Unapita katikati yake kama unapita katikati ya watu warefu wasiosalimia.

9 Aprili

Nisipoandika leo sitaandika tena.

Saa tatu na nusu asubuhi mama mjamzito aliletwa kwenye wadi ya upande wa pili akiwa anavuja damu. Mfuko wa uzazi ulikuwa unapasuka. Kumleta huku haiwezekani, daraja liko chini ya maji. Daktari wa kule ni kijana, upasuaji wa namna ile hajawahi kuufanya peke yake. Wakaamua kutumia kebo ingawa haijaidhinishwa, na yeyote mwenye akili angeamua hivyo. Daktari bingwa akaitwa akakaa mbele ya skrini. Walimwita Mkuu, walimwita muuguzi, walimwita mtu wa taa. Aliyesahaulika ni mimi. Chumba changu kiko nyuma ya chumba cha kufulia.

Saa nne kamili mashine yangu ikaijaza kebo.

Nilijua pale nilipoona watu wanakimbia ukumbini wakipangua shuka. Nikawafuata. Nilipoingia, daktari bingwa alikuwa amesogeza uso kwenye kipaza sauti, na kwenye skrini niliiona mikono ya yule kijana ikifanya kazi, picha safi kabisa, kwa sababu picha ya kuja ilikuwa inapita sawa. Daktari bingwa akasema kwa sauti ya kawaida, "Acha hapo. Usikate." Mikono ikaendelea. Akasema tena. Mikono ikaendelea. Hapakuwa na mtu aliyemkaidi. Maneno hayakuwa yamefika.

Chumba kizima walitazama skrini bila kuelewa. Mimi peke yangu nilijua maneno yale yalipo. Yalikuwa kileleni, ndani ya kabati la kijivu, yamepanga foleni, na mama mmoja amekaa kando yake ameweka kiganja.

Nilikimbia. Niliteleza kwenye maji ya shuka, nikainuka, nikang'oa waya wangu ukutani kwa nguvu mpaka soketi ikatoka nao. Niliporudi, ile mikono ilikuwa imesimama. Lakini haikusimamishwa na sisi. Mkunga aliyekuwa mezani aliona mwenyewe, akamshika daktari kifundo cha mkono. Sekunde kadhaa baadaye ndipo "Usikate" yetu ilipofika kule, na mtu mmoja kule akajibu kwa upole, "Tumeshaacha."

Baadaye nilisoma kumbukumbu. "Usikate" ya kwanza ilichelewa sekunde saba; yote yaliisha nikiwa bado ukumbini.

Mama yuko hai. Mtoto yuko hai. Mama amepoteza damu nyingi, na kuna mambo ya mwili wake hayatarudi. Nimekaa kwenye benchi la kufulia mpaka dobi mkuu akaniletea taulo kavu, bila kuniuliza kitu.

10 Aprili

Nimemwambia Mkuu kila kitu, na la kwangu sikulipunguza. Nilitegemea anifukuze. Alisikiliza akiwa amesimama, akasema njia ifungwe leo pande zote mbili, majaribio ya mzigo yasimame, na daraja likifunguka kituo kizimwe moja kwa moja. "Utapanda wewe," akasema. Nikamuuliza kama yeye atakuja. Aligeuka akaanza kupanga karatasi zake.

Polepole amefunga njia upande wake saa tisa, mimi nimefunga upande wangu saa tisa na dakika mbili. Nimebakiza uzi mwembamba wa kuitazama tu ile mashine, hauwezi kubeba hata picha. Polepole aliniomba apande akamweleze mama. Alipanda kwa miguu kwenye mvua, akarudi usiku. Anasema alisimama nje ya mlango, mama akamsikiliza, kisha akamwambia kwamba mgonjwa hazimwi.

11 Aprili

Bapa. Mstari wa grafu umelala, hakuna kinachopita kileleni.

12 Aprili

Bapa.

13 Aprili

Bapa. Nimelala mchana.

14 Aprili

Saa nne asubuhi mzigo umepanda.

Nimeangalia kwangu: mashine haijachomekwa, soketi bado inaning'inia. Nimempigia Polepole kwa hasira. Alikuwa msibani kwa wakwe zake tangu jana, mbali kabisa, nikasikia watu wanaimba na majembe yanagonga udongo. Ofisi yake imefungwa, ufunguo uko mfukoni mwake. Njia zote mbili bado zimefungwa. Nimezikagua mara tatu.

Mzigo hautoki kwangu wala kwake. Unatoka kituoni kwenyewe, na hauendi popote.

Jambo jingine. Mzigo wangu kwenye grafu huwa bapa kama meza: unapanda, unakaa, unashuka. Huu unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, dakika ishirini. Nimehesabu kwa saa ya mkononi. Ishirini na nne kwa dakika.

15 Aprili

Ishirini na tatu.

16 Aprili

Ishirini na tatu.

18 Aprili

Ishirini. Leo haikutulia saa nne na ishirini. Imeendelea mchana kutwa. Nimefunga kompyuta kwenda kula, nimerudi, bado.

19 Aprili

Kumi na nane. Baba watoto amepiga, akasema naongea kwa kukatizakatiza. Nilikuwa nahesabu.

22 Aprili

Kumi na tatu.

Nimemwonyesha Mkuu grafu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo ya kitaalamu: kumbukumbu ya mashine imeharibika, saa ya ndani imepotoka, unyevu umeingia. Hakuyataka. Alivuta kiti akakaa karibu na skrini, akaiangalia ikipanda na kushuka, na shati lake kwa mara ya kwanza nililiona lina makunyanzi.

Kisha akanieleza. Miaka minne iliyopita mtunza mnara alimpigia kwa redio ya kituo. Alisema kifua kimebana, anaomba kushuka. Sheria ilikuwa kwamba kituo hakiachwi bila mtu wakati wa mvua. Mkuu alimwambia asubiri mwenzake wa zamu. Alipiga tena siku ya pili, na siku ya tatu. "Mawasiliano hayakuwa mabaya," Mkuu akasema. "Nilimsikia vizuri kabisa. Nilikuwa naisikia pumzi kati ya neno na neno." Ile karatasi ya kabatini aliisaini hapa hapa mezani. Hakuwahi kupanda kuona kama kweli kimezimwa.

Nikamuuliza mwenzake wa zamu alikuwa nani, ingawa nadhani nilishajua.

Jioni Polepole alinipigia mwenyewe. "Niliambiwa nipande Jumatatu," akasema. "Nikapanda Alhamisi. Nilikuwa naezeka nyumba yangu, dada. Nikaona siku mbili tatu si kitu." Hakuna mahali aliponyamaza. Nadhani ndiyo sentensi ambayo amekuwa nayo tayari miaka yote minne, na ukimya wote mwingine ulikuwa ni foleni nyuma yake.

Nimefuta nilichoandika tarehe kumi na nne Machi kuhusu mvivu. Baadaye nimekiandika upya. Shajara ni shajara.

24 Aprili

Kumi.

25 Aprili

Tisa. Daraja limeonekana. Kesho kutwa magari yatapita.

26 Aprili

Saba.

27 Aprili

Tumepanda watu wawili, mimi na Polepole. Ni mara ya kwanza namwona kwa macho. Nilimtegemea mzee mnene. Ni mwanamume mwembamba wa miaka arobaini, mwenye mwendo wa haraka kuliko wangu. Mkuu alitufikisha kwa gari lake hadi mwisho wa barabara, akazima injini, akabaki ameshika usukani. Alisema atasubiri. Hatukumlazimisha.

Hapakuwa na mvua wala ukungu. Tulimkuta mama kwenye kiti chake, amevaa nguo safi, blanketi limekunjwa. Godoro alikuwa ameshalifunga kwa kamba. Alitupa mkono, akamwambia Polepole, "Karibu, shemeji," naye Polepole akaitikia akiwa mlangoni, hakuingia. Feni ilikuwa inavuta. Inashikilia. Muda unapita, unadhani basi. Inaachia.

Nilimweleza mama kwamba nimetumwa kuzima. Nilimweleza na la tarehe tisa, yule mzazi mezani, maneno yaliyokwama humu ndani. Nilitaka ajue si ukatili. Aliuliza kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Nikasema wa kike. Akasema vizuri. Akaniomba nisikate pumzi katikati, nimwache amalize mwenyewe, haichukui muda. Alikwisha kuiona mara moja, akasema, anaijua inavyokwenda.

Nikakubali. Sijui katika kazi yangu kifungu kinachokataza.

Tulikaa. Saa tano ilipita. Mama hakuandika chochote leo, kiganja kilikuwa kwenye chuma tu. Mimi nilikuwa na kompyuta magotini, ule uzi mwembamba nikiutazama: kilima, bonde refu, kilima kidogo zaidi, bonde refu zaidi. Saa sita kasoro robo ilivuta, ikashikilia, ikaachia, na bonde likaendelea hadi ukingo wa skrini. Nilihesabu dakika nne. Nikainuka, nikachomoa waya wa kompyuta, nikaenda nyuma ya kabati nikafungua nati za betri, nikautoa waya mkubwa. Taa ndogo za kijani zilizimika zote. Nikarudi mbele.

Mama hakuwa ametoa mkono.

"Bado," akasema. "Anamngoja huyu."

Alimwangalia Polepole. Kisha akainuka kwenye kiti, taratibu, akakiacha wazi. Polepole alisimama pale mlangoni kwa muda ambao siwezi kuutaja kwa namba, mimi niliyelipwa kutaja muda kwa namba. Halafu akaingia. Akakaa. Akaweka kiganja mahali pale pale palipokuwa pamelainika kwa kiganja cha mama.

"Nimefika, kaka," akasema. "Nimechelewa. Nimefika."

Feni ikavuta. Ilivuta kwa muda mrefu, nikaiona ikizunguka nyuma ya wavu, vumbi likasogea sakafuni kuielekea. Ikashikilia. Ikaachia hewa ya moto iliyonipiga usoni na kunukia kitu ambacho si chuma. Ikasimama.

Mlango ulikuwa wazi na upepo ulikuwepo. Nauandika upepo kwa sababu ni wajibu wangu. Waya wa betri ulikuwa bado mkononi mwangu, mzima mzima, wenye uzito wa nyoka aliyekufa, na wala haukuwa umegusa kitu.

Hakuna aliyelia. Polepole alibaki na kiganja kwenye chuma hadi chuma kilipopoa. Mama alizunguka chumbani akafunga dirisha, akaziweka penseli na miwani kwenye mfuko, akatazama pande zote kama mtu anayehama nyumba ya kupanga anavyohakikisha hajasahau kitu. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa sita na dakika kumi. Akashangaa kidogo, akasema basi tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, akauliza kama huko chini tunakokwenda kuna chakula.

Nikamwambia kipo. Polepole akabeba godoro, nami nikamshika mama mkono kwenye mteremko.